Wifi Yangu Hakupiga Magoti

Wifi yangu hakupiga magoti mbele ya Mwenyekiti wa jumuiya. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa, tena na watu ambao siku hiyo hawakuwepo hata kwenye mtaa huo. Wanasema aliingia sebuleni kwa Mwenyekiti akilia, akapiga magoti kwenye zulia, akamshika yule mwanamke miguu na kumwomba radhi. Wengine wameongeza kwamba alimbusu mkono. Wakiachwa hivi hivi watasema alitambaa. Mimi nilikuwepo, nimesimama nyuma yake, na macho yangu hayana tatizo. Katika nyumba ya marehemu mume wangu hakuna aliyewahi kumpigia magoti binadamu mwenzake, na wifi, aliyekuwa na shingo ngumu kuliko wote, asingeanza kwa yule.

Kwa kuwa mwenyewe amelala kaburini na hawezi kujibu, nitajibu mimi, mara moja tu.

Alikuwa mdogo wa mwisho wa mume wangu. Hakuolewa, na sababu zilikuwa zake. Waliomuuliza walirudishiwa swali ambalo hawakulipenda. Maisha yake yote ya kazi alifua mashuka ya hospitali, na alipostaafu akahamia kwangu, akachukua chumba cha mbele. Majirani walikaa mkao wa kula wakisubiri mawifi wawili wachapane. Tuligombana, ndiyo, lakini ndani, madirisha yakiwa yamefungwa.

Mtaani walimwita Toa-Vyote. Jina hilo lilitokana na namna yake ya kuhudumia wagonjwa. Jumuiya, kwa asiyejua, ni nyumba chache za jirani ambazo kanisa limeziweka pamoja. Tunasali kwa zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na tunatakiwa kuwaangalia wagonjwa na wafiwa wa karibu kabla ya kwenda kutafuta wa mbali. Wengine wakienda kwa mgonjwa walikaa, waliimba, walisali, wakanywa chai na kuondoka. Wifi alikuwa akisimama mlangoni, ananusa, halafu anasema, "Toa vyote." Godoro nje, mashuka nje, kitanda chenyewe nje, viatu, ndoo, makopo ya dawa. Mgonjwa anakalishwa kwenye kiti pembeni. Sakafu inasuguliwa mpaka inalia. Ndipo anamgeukia mgonjwa mwenyewe, naye anasuguliwa vile vile. Sala zilikuja mwisho kabisa, na zilikuwa fupi. Alisema Mungu haoni raha kusimama kwenye mkojo.

Sasa alikuwepo fundi viatu.

Aliishi katika chumba kimoja kwenye kona ya njia yetu. Njia hiyo ndiyo mpaka: huku jumuiya yetu, kule jumuiya ya ng'ambo. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa upande wetu, na mlango, ambao ulikuwa mmoja tu, ulifungukia njiani ukitazama kwao. Alipopata kiharusi upande mmoja wa mwili ulikufa. Mdomo ulibaki mzima, bahati mbaya kwa wote. Alikuwa amebatizwa zamani, lakini kanisani alikuwa akifikia mlangoni tu, kumpelekea padri viatu vyake, na maneno aliyokuwa akiwatania nayo waimbaji hayafai kuandikwa.

Suala lake lilipoletwa kwenye jumuiya tulikuwa kwangu, katika sebule yangu mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kuniambia nimesikia vibaya.

"Yule ni wa ng'ambo," Mwenyekiti alisema. "Mlango wake unawatazama wao."

"Na mgongo wake unatutazama sisi," wifi akasema. "Mgongo ndio wenye vidonda."

"Dada, tuna utaratibu. Ng'ambo nao wana watu."

"Ng'ambo wamesema ni wetu. Nimetoka huko."

"Basi tusubiri tuelewane."

"Msubiri. Yeye hajageuzwa tangu juzi."

Hapo mke wa mhasibu, ambaye hana jambo lisilo na uchafu kichwani mwake, akakohoa. "Lakini jamani, tuambiane ukweli. Mwanamke asiye na mume, kumwogesha mwanamume asiye na mke, watu watasemaje?"

"Kweli," wifi akamjibu. "Basi mlete mume wako amwogeshe. Mimi nitambebea maji."

Mhasibu aliyekuwa ameketi pale akaanza kuchunguza dari yangu kana kwamba anataka kuinunua. Hakuna aliyejitolea. Kikao kikafungwa kwa sala ya kuwaombea wagonjwa wote.

Wifi akaenda peke yake. Akaendelea kwenda kila siku, asubuhi na jioni, na sauti zao tulizisikia mpaka kibarazani kwangu.

"Afande, umefika," fundi alikuwa akisema.

"Nyanyua mkono."

"Upi? Huu wangu au huu wa serikali?" Ule uliokufa aliuita wa serikali kwa sababu haukufanya kazi.

"Nyanyua, nisikumwagie maji ya moto."

"Mwagia tu upande wa serikali, hawatajua."

Walitukanana hivyo miezi na miezi. Waliotaka kuona mapenzi hapo waliyaona. Mimi niliona vidonda vya mgongo vikifunga kimoja kimoja, maana wakati mwingine nilishika taa au kuleta mashuka makavu. Sikupenda kwenda. Nilikwenda.

Kisha ikaja ile Jumamosi.

Jumapili iliyotangulia padri alikuwa amehubiri kwa ukali kwamba jumuiya isiyozika majirani zake ni klabu ya waimbaji. Alitazama upande wetu, akatazama na upande wa ng'ambo. Viongozi wote wawili waliondoka kanisani na nyuso za watu waliopigwa kofi hadharani. Wiki nzima mvua ikanyesha. Jumamosi jua likatoka, na wifi, kwa kuwa godoro la fundi lilikuwa limeanza kuota ukungu, akaenda akasema neno lake. Toa vyote.

Kwa wagonjwa wengine vitu hutolewa uani. Kwa fundi hapakuwa na ua. Godoro likaning'inizwa ukutani njiani, kitanda kikasimamishwa ubavu nje ya mlango, nguo zake zikaanikwa juu yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa anamwogesha na kumnyoa ndevu, wifi akafunga mlango.

Fikirini mpita njia aonavyo. Kitanda cha mgonjwa kimesimamishwa njiani, godoro nje, mlango umefungwa, ndani kimya. Fundi alikuwa amenyamaza kwa sababu wembe ulikuwa shingoni mwake. Mama muuza nyanya akaweka kikapu chini, akashika kichwa. Akakimbilia kwa Mwenyekiti wetu. Mwanawe akakimbilia ng'ambo.

Yule mtu ambaye miezi yote hiyo hakuwa wa yeyote, sasa akawa wa wote. Sijawahi kuona watu wakifanya haraka namna ile kwa jambo la kanisa. Kwetu wakatoa turubai la misiba na nguzo zake. Ng'ambo wakatoa viti. Waimbaji walikuwa kanisani wanafanya mazoezi, wakaletwa kama walivyo. Makundi mawili yakakutana mbele ya kitanda cha fundi, na kabla ya mtu kusema pole, wakaanza kugombania maiti.

"Huyu ni wetu, mlango wake uko kwetu!"

"Mlango? Nani aliyekuwa akimhudumia? Ni dada yetu!" Huyo alikuwa Mwenyekiti, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, machozi tayari.

"Wekeni nguzo hapa."

"Usiweke nguzo, viti vitakaa wapi?"

"Imbeni basi, jamani, imbeni!"

Wakaimba. Wimbo wa kumuaga marehemu, sauti zote. Mimi nilikuwa nimesimama kibarazani na kikombe mkononi, na nilijua kabisa kwamba fundi ni mzima, maana nilikuwa nimetoka kuwapelekea sabuni. Sikusema kitu. Hakuna aliyeniuliza.

Mlango ukafunguka. Wifi akatokea, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko, wembe mkononi.

"Mnamlilia nani?"

Waimbaji wakakatika mmoja mmoja. Mwenyekiti akanyoosha mikono kumkumbatia. "Pole dada, pole sana. Bwana ametoa..."

"Bwana hajatwaa kitu. Namnyoa."

Na kutoka ndani, sauti ya fundi, wazi kabisa: "Afande! Waambie besi wameikosea!"

Mama mmoja alipiga yowe akakimbia akaacha viatu. Mzee wa besi, kwa mazoea ya miaka, akatoa salamu ya kanisa kuelekea mlangoni: "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele na milele," fundi akajibu. "Lakini siyo leo. Waulize kama wamekuja na chakula."

Njia nzima ikacheka. Wapita njia, wateja wa nyanya, waimbaji wenyewe. Mwenyekiti wa ng'ambo, mzee mmoja seremala, alicheka mpaka akakalia kiti kimojawapo cha msiba, kisha akaingia ndani kumsalimia mgonjwa. Aliyekosa kucheka ni Mwenyekiti wetu. Alisimama na kitambaa chake cheusi, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, ungetuambia."

Ndipo wifi aliposema maneno ambayo yamezungushwa mitaani kwa namna nyingi. Yalikuwa haya, wala siyo mengine:

"Alipokuwa anaoza mgongo mlikosa hata mtu wa kumgeuza ubavu. Leo mmepata watu wa kubeba turubai. Rudisheni. Siku akifa nitawaita wenye mikono, siyo wenye sauti."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Hayo ndiyo matusi aliyolitukana kanisa. Jumatano iliyofuata jumuiya ilikaa bila kumwita. Ikaamuliwa kwamba alitoa kitanda njiani makusudi ili kuwaaibisha viongozi, na kwamba awekwe kando katika huduma ya wagonjwa mpaka aombe radhi mbele ya wote. Kuwawekea mtego! Mtu aliyekuwa na povu mpaka kwenye viwiko!

Nitasema walichomfanyia, maana wasimulizi wa magoti hulisahau hili. Kulikuwa na bibi mmoja kipofu ambaye wifi alikuwa amemwogesha miaka, mpaka bibi akawa anamtambua kwa hatua zake. Alipokwenda, mkwe wa bibi akamzuia getini.

"Shikamoo shangazi. Samahani sana shangazi. Tumeambiwa watakuwa wanakuja wengine."

"Marahaba. Wamekuja?"

"Bado, shangazi."

Kutoka ndani bibi akawa anaita, "Ni yeye? Si ni yeye huyo?" Mkwe akafunga geti akilia. Wifi alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha jikoni, mikono juu ya mapaja, mikavu, mchana kutwa. Sijawahi kuona mikono ya mtu ikikaa hivyo. Nyumba ile na nyingine kama ile zingefunguka kwa neno moja, nisamehe, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Usiwaombe," nilimwambia.

"Sijakuuliza, wifi."

Fundi, yeye, alimshauri kinyume. "Waombe radhi, Afande. Neno moja, litakuua? Mimi nimewatukana maisha yangu yote na hawajanifukuza."

"Hawajakufukuza kwa sababu hukuwahi kuingia. Nyanyua mkono."

Alibakiwa na mgonjwa mmoja, huyo asiye wa mtu. Na fundi, kwa ubishi, akakataa kufa. Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena, yeye yupo. Kila alipopita Mwenyekiti njiani alimwita kwa sauti, "Mama, turubai halijachanika?" Siwezi kusema alitusaidia.

Hata hivyo alidhoofika. Siku moja akamwambia wifi, mimi nikisikia, bila mzaha hata kidogo: "Nikifa, niimbiwe. Walewale. Waimbe vizuri safari hii." Wifi akasema sawa. Akaendelea kumkata kucha, lakini niliona amekuwa mweupe midomoni. Alikuwa ameahidi kitu ambacho Mwenyekiti ndiye aliyekishika.

Alikufa alasiri ya kawaida, akiwa amekunywa uji nusu. Wifi alimfumba macho, akamfunga kidevu, akaosha kikombe. Safari hii kitanda hakikutoka. Akaja kwangu akasema, "Wifi, vaa viatu." Tukapita kwa padri, kisha tukaenda kwa Mwenyekiti.

Sebule yake imejaa vitambaa vya kufuma, hata redio imevalishwa. Alikuwa na wanawake wa jumuiya, wanapanga maua ya altare. Tulivua viatu kizingitini kama kila mgeni. Hatukuambiwa kaeni.

"Fundi amefariki," wifi akasema. "Padri tumemwarifu, tunazika kesho asubuhi. Aliomba aimbiwe. Nimekuja kuwapa taarifa."

"Safari hii una uhakika?" Mwenyekiti akauliza, na mke wa mhasibu akacheka puani.

"Nimemfumba macho kwa mkono huu. Ukitaka kuhakikisha, twende."

"Hapana, dada, hatuna kinyongo. Mungu amlaze pema." Akachomeka ua kwenye chombo, taratibu, akaligeuza ligeukie upande mwingine. "Ila kuna neno tunalingoja kwako muda mrefu. Liseme tu hapa, mbele ya hawa. Turubai litatoka sasa hivi, na waimbaji, na kila kitu. Na wagonjwa wako utawarudia."

Nilisikia pumzi ya wifi. Alikuwa anaiona nyumba ya bibi kipofu, najua. Wale wanawake wakaacha kushughulika na maua, naye akauliza:

"Nililosema pale mlangoni lilikuwa kweli au uongo?"

"Siyo suala la kweli na uongo. Ni heshima."

"Nijibu tu. Mlimgeuza ubavu hata siku moja?"

Mwenyekiti akachomeka ua jingine.

"Ningesema uongo ningekuomba radhi sasa hivi. Kwa ukweli siombi."

"Basi kazikeni wenyewe."

"Tutazika."

Akageuka. Kizingitini, goti lake bovu likamsumbua kama kawaida yake, akaliweka chini ili afunge gidamu ya kiatu. Mlango ulikuwa wazi. Nje alikuwa anapita muuza maziwa na baiskeli yake, akaona mwanamke ameinama goti moja kizingitini kwa Mwenyekiti, akaenda na habari pamoja na maziwa. Magoti yote yanayosimuliwa ni hilo moja, nalo lilikuwa linatazama barabarani. Mtu haombi radhi akiwa amempa mwenye nyumba mgongo.

Tulimzika fundi bila turubai. Yule seremala wa ng'ambo alikuja na watu wake, na viti vyake. Mzee wa besi alikuja na waimbaji wachache waliokaidi, akasema mtu aliyesahihisha besi akiwa nusu kaburini anastahili kuimbiwa. Waliimba vizuri. Mwenyekiti hakuonekana, na mapazia yake yalikuwa yamefungwa asubuhi ile.

Toka hapo wifi aliwahudumia wagonjwa wa ng'ambo, ambao seremala alimfungulia milango yao bila kumuuliza kitu. Jumapili aliketi kanisani mahali pake pa siku zote, upande wetu. Hakurudishwa. Bibi kipofu alikufa akihudumiwa na watu waliomwimbia. Hilo wifi hakulisamehe, na sikumsikia akijaribu. Alipougua mwenyewe nilimwogesha mimi, akinikosoa kila hatua, mpaka mwisho.

Baada ya mazishi yake Mwenyekiti alikuja kwangu. Peke yake, mchana, bila kitambaa cheusi. Amezeeka. Nilimpa kiti kwa sababu nimelelewa.

"Mwalimu," akasema, akiniita kwa kazi yangu ya zamani, "nakuomba kitu kimoja. Siku zile za mwisho, alisema lolote juu yangu?"

"Alisema."

Akanyanyua macho. "Alisema nini?"

Nilinyanyuka, nikamfungulia mlango. Alisimama pale kizingitini kwangu akiushika mkoba wake, kisha akaondoka. Tangu siku hiyo hadithi ya magoti imepata nguvu mpya mtaani, na ninajua inalishwa na jiko gani. Asiyeambiwa kwamba amesamehewa ameamua kusema kwamba aliombwa radhi.

Wifi aliniambia neno juu ya yule mwanamke, akiwa na akili zake timamu, mkono wake kwenye wangu. Nimetumiwa padri, nimetumiwa seremala, nimetumiwa hata watoto wa dada zangu waniulize ni neno gani. Ni la nyumba hii. Sitalisema kwake wala kwa mwingine, na msije kuniuliza.